Memwari juu ya harakati za "jimbo huru": nichimbe wapi?

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Jambo wote. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliokwisha kutetea memwari (tasnifu ya chuo) katika siasa, sosholojia au historia.

Niko mwaka wa mwisho wa masta, sayansi ya siasa. Asubuhi nafundisha elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari huku Katuba, mchana napanda basi kwenda chuo kikuu, Kasapa. Somo langu limekubaliwa kwa mdomo tu: harakati za walibertari wanaotaka kujenga "jimbo huru" au "dola huru". Kwa asiyelizoea neno hilo, walibertari ni watu wanaosema kazi ya Leta, yaani serikali, ikome kwenye kulinda uhai, uhuru na mali ya mtu. Mengine yote watu wapatane wenyewe. Profesa anayeniongoza alisoma kurasa zangu nne, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari, akaandika pembeni: "Hili ni shamba zima. Utachimba wapi?" Nina wiki tatu za kumjibu.

Nilianza na New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini-mashariki ya Marekani. Mwaka 2001 Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa udaktari wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kwamba walibertari wametawanyika nchi nzima na ndiyo sababu hawashindi popote. Basi watu 20,000 wahamie jimbo moja lenye watu wachache, wapige kura pamoja. Mradi huo ukaitwa Free State Project, yaani mradi wa jimbo huru. Sahihi zilipofika 5,000, mwaka 2003, wakachagua jimbo lenyewe. New Hampshire ikashinda, Wyoming ikawa ya pili. Sahihi 20,000 zilitimia Februari 2016, na kila mtu alikuwa ameahidi kuhama ndani ya miaka 5. Siku hiyo waliokwisha kuhamia walikuwa karibu 2,000.

Kutoka hapo nikavuta uzi mmoja zikaja nyuzi kumi. Liberland, iliyotangazwa Aprili 2015 kwenye kipande cha kilomita 7 za mraba kando ya mto Danube, kati ya Kroatia na Serbia. Minerva, 1972, mchanga uliomwagwa juu ya mwamba wa bahari huko Pasifiki. Próspera, mji wa kampuni binafsi wenye kanuni zake, kwenye kisiwa cha Roatán, Honduras. Watu wanaotaka kuishi juu ya maji. Kila moja inanivutia na kila moja inanipeleka mbali na nyingine.

Nimeshika njia tatu. Naweza kuchunguza fikra peke yake: wanamaanisha nini wanaposema uhuru. Naweza kulinganisha majaribio haya yote. Au naweza kuliweka jina lenyewe mbele ya historia yetu, maana sisi ndio wajukuu wa watu waliotawaliwa na nchi iliyoitwa Dola Huru la Kongo kuanzia 1885 hadi 1908, na hilo "huru" tunajua lilikuwa la nani. Njia ya tatu inaniuma moyoni, ya pili inaonekana ya kisomi, ya kwanza ndiyo rahisi kupata vitabu. Ningependa kusikia kwa mtu aliyewahi kukwama hivi.

Mniwie radhi kama nitachelewa kujibu. Kabini ya umeme (nyumba ya transfoma) ya avenyu yetu iliungua mwezi wa tatu, na hata baada ya kutengenezwa umeme unakuja kwa zamu. Mimi ndiye nilishika kaye (daftari) ya michango: nyumba 64, dola 25 kila moja. Nyumba 41 zilitoa zote, 14 zikatoa nusu, 9 hazikutoa kitu. Umeme uliporudi tukakaa tena chini ya mwembe kuamua kama wale 9 wakatwe waya. Mama mmoja anayeuza makala (mkaa) akasimama akasema, "Siku mlipopanga dola 25, mimi sikuitwa." Nikafungua kaye, na kweli, kwenye orodha ya waliohudhuria jina lake halikuwepo. Alikatwa hata hivyo. Basi mimi nasoma usiku, umeme ukiwepo.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)

Binti yangu, nakupongeza, lakini unavuka bahari kutafuta maji. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi yake yenyewe, hapa hapa mjini, na ikadumu mpaka Januari 1963. Ilikuwa na bendera yake, pesa yake, stempu zake. Wazee walioyaona bado wapo wachache, na kila mwaka tunazika wengine. Memwari ya namna hiyo haihitaji visa. Unapanda basi mpaka Kamalondo, unaketi, unasikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na ningekupa mchana mzima.

Ruzizi (Bukavu)

Mimi niko na njia ya tatu, dada. Usiiache kwa sababu inauma.

Angalia neno "ardhi isiyo na mwenyewe". Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwinda, bonde la kuchungia, vyote vikahesabiwa vitupu. Mkataba wa Berlin ulikuwa umeahidi biashara huria katika bonde zima la Kongo, na miaka michache baadaye Bula Matari, yaani serikali hiyo ya Leopold, akachukua pembe na mpira kwa amri. Sasa wale wa Liberland wanasema nini? Kwamba Kroatia na Serbia hazikidai kile kipande, kwa hiyo hakina mwenyewe. Wale wa Minerva walisema vilevile juu ya mwamba, hata mfalme wa Tonga akaenda mwenyewe mwaka 1972 kusimika bendera yake. Maneno ni yaleyale, miaka 130 baadaye. Mtu wa Kongo akiyasoma, anayasoma kwa macho ambayo mtu wa Yale hana. Hiyo ndiyo nguvu yako mbele ya jopo.

Yaya_Kasapa (Lubumbashi)

Mwalimu, nimesoma maandishi yako mara mbili. Mara ya pili nilianzia mwisho, na nakushauri na wewe uyasome hivyo. Somo lako limo katika ile aya ya kabini, uliyoiandika kwa kuomba radhi.

Kwanza niseme na wakubwa waliotangulia, kwa heshima. Papa wa Kamalondo, Katanga ya 1960 ilikuwa serikali ya mkoa ikijitenga na Léopoldville (Kinshasa ya leo), imesimama juu ya kodi ya kampuni ya madini ya Union Minière na msaada wa maofisa wa Ubelgiji. Ilitaka Leta kamili, yenye jeshi na forodha. Mtu akiiandika memwari hiyo vizuri nitafurahi, lakini mwalimu atalazimika kuacha swali lake mlangoni. Na ndugu wa Bukavu, hoja yako ya ardhi tupu ni kweli na ni nzito. Ila inawagusa Liberland na Minerva, haiwagusi wa New Hampshire. Wale hawakusema jimbo ni tupu. Walilichagua kwa sababu lina watu wanaofanana nao.

Hapo ndipo unapaswa kukata, mwalimu. Ulichokiita harakati moja ni mambo matatu. Kuna wanaotafuta mahali wanapodai hapana mwenyewe: huko utahitaji sheria ya kimataifa. Kuna wanaopata mkataba kwa serikali iliyopo, kama Próspera: Honduras ilipitisha sheria ya kuruhusu maeneo ya namna hiyo mwaka 2013, ikaifuta 2022, na kampuni ikaidai nchi karibu dola bilioni 11 mbele ya usuluhishi wa kimataifa. Huko utahitaji sheria ya uwekezaji, na ungepaswa pia kujua Kihispania. Halafu kuna wanaohamia mahali penye majirani, wakaandikishwa, wakainua mkono mkutanoni. Hao wa mwisho ni wa sayansi ya siasa. Wewe unafundisha uraia. Mkutano unaujua.

Lakini usiandike "athari ya walibertari kwa New Hampshire". Niliona mwanafunzi mwenzangu akifia kwenye kichwa cha namna hiyo, na juzi tu nimemsikia bado hajatetea. New Hampshire haikuwa na kodi ya mishahara wala kodi ya mauzo kabla ya mhamiaji wa kwanza kufika. Baraza lake la wawakilishi lina watu 400 kwa jimbo la watu kama milioni 1.4, na mbunge hulipwa dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo jirani yeyote mwenye muda anaweza kuingia. Hayo yote yalikuwepo, ndiyo maana walipachagua. Utakapoona kodi ndogo leo, utajuaje ni kazi yao au ni ya wenyeji wa zamani? Kila swali kubwa litakurudisha kwenye ukuta huo.

Kwa hiyo chukua kitu kidogo chenye tarehe. Mimi nakupa Croydon.

Croydon ni mji wa watu wapatao 800. Una shule moja ndogo ya madarasa ya mwanzo. Watoto wakubwa wanasoma miji ya jirani na mji unawalipia. Machi 2022 ulikuwa mkutano wa mwaka wa kupitisha bajeti ya shule, dola milioni 1.7. Mjumbe mmoja wa bodi ya mji, mtu aliyehamia pamoja na mradi wa jimbo huru, akasimama akatoa hoja bajeti iwe dola 800,000, yaani kama dola 10,000 kwa mtoto. Waliokuwemo chumbani walikuwa wachache. Wakapiga kura: 20 kwa 14. Bajeti ikakatwa zaidi ya nusu, kihalali, kwa mikono 20.

Wazazi waliobaki nyumbani siku ile walisikia baadaye. Wakatafuta sheria, wakapata kwamba mkutano wa pekee unaweza kubadilisha, lakini sharti zaidi ya nusu ya wapiga kura walioandikishwa wafike wenyewe: 283 kati ya 565. Wasipotimia, kura yao bure. Wakapita mlango kwa mlango. Waliotaka bajeti ndogo ibaki hawakuwa na haja ya kushinda hoja. Iliwatosha watu wasije. Mwezi wa tano wakaja 379. Matokeo: 377 kwa 2, bajeti ikarudi.

Sasa weka kaye yako mezani kando ya hesabu hiyo. Nani alikuwepo siku ya kupanga? Nani hakuwepo, na kwa nini? Uamuzi wa waliokuwepo unamfunga asiyekuwepo kwa kiasi gani? Yule mama wa makala aliuliza swali ambalo nadharia nzima ya kupatana kwa hiari inapaswa kulijibu. Mlibertari atasema hakuna mtu alazimishwe kulipia kitu ambacho hakukikubali. Kwa neno hilo mama ana haki asilipe. Na atasema pia asiyelipa asidai huduma. Kwa neno hilo mlikuwa na haki kumkata. Fikra moja, na inasimama pande zote mbili za mwembe wenu. Ukichagua njia yako ya kwanza, ya fikra peke yake, hutauona huo mpasuko. Unaonekana mkutanoni tu.

Mwalimu_Katuba

Yaya, asante mingi. Nimekaa na jibu lako jana usiku kucha na nimeanza kuogopa, kwa maana nzuri.

Niseme jambo ambalo sikuliandika. Alama ya kumkata niliitia mimi. Tulikubaliana kwamba katibu aandike herufi K mbele ya kila nyumba itakayokatwa, na nilikuwa na biro nyekundu ya kusahihishia kazi za wanafunzi. Niliandika K tisa. Ya kwake ndiyo ya saba, na ni kubwa kuliko zingine kwa sababu mkono ulisita, wino ukaenea. Alikaa wiki mbili gizani, kisha akaanza kulipa dola 5 kwa mwezi. Sikuwahi kuliona kama jambo la kisomi.

Nina hofu mbili. Jopo litaniuliza, "Croydon na Lubumbashi wapi na wapi?" Nijibu nini? Na ya pili: sijawahi kufika Marekani, sina pesa ya kufika. Nitaandikaje juu ya mji wa watu 800 nikiwa Katuba?

Mzee wangu wa Kamalondo, siachi mwaliko wako. Nitakuja Jumapili baada ya misa, hata kama si kwa ajili ya memwari. Kaye nitaleta.

MamaSheria (Goma)

Dada, hofu yako ya pili ni ndogo kuliko unavyodhani, na mimi nimeandika juu ya maamuzi ya mahakama za mbali nikiwa hapa hapa Goma.

Miji ya New Hampshire hutoa ripoti ya kila mwaka, yenye kumbukumbu za mikutano na hesabu ya fedha, na nyingi ziko kwenye intaneti. Zipakue usiku mega za intaneti zinapokuwa rahisi, zihifadhi kwenye flashi mbili. Bunge la jimbo huweka wazi kura za wabunge kwa majina. Na kikundi cha walibertari wenyewe, New Hampshire Liberty Alliance, huwapa wabunge alama kila mwaka kulingana na kura zao. Hiyo ni zawadi kwako: wanakuambia kwa kinywa chao ni kura ipi wanaihesabu kuwa ya uhuru. Ukikosa karatasi fulani, mwandikie karani wa mji barua fupi yenye adabu. Hesabu saa vizuri ukitaka kuongea na mtu: wakati wa baridi kwao, saa moja jioni ya Lubumbashi ni saa sita mchana huko.

Jihadhari na jambo moja. Usijaribu kuhesabu "wao ni wangapi bungeni". Hawagombei chini ya jina hilo. Wengi wanagombea kama Warepublican, wengine husema wazi wametoka wapi, wengine hawasemi. Ukianza kuwawekea watu majina utakosea na utamdhulumu mtu. Hesabu kura, acha watu. Mfano: Machi 2022, mwezi uleule wa Croydon, bunge hilo lilipigia kura pendekezo la kuitenga New Hampshire na Marekani. Lilianguka, 323 kwa 13. Kwa karatasi moja hiyo unajibu wote watakaokuambia hawa ni watu wa kujitenga.

Kwa ndugu Ruzizi, juu ya ardhi tupu: lava ilipoingia mjini kwetu Januari 2002, mtaa wetu uligeuka jiwe jeusi, hakuna ukuta, hakuna njia. Mtu wa nje angeapa pale hapana mwenyewe. Mama yangu alisimama kwenye kona ya jengo lililobaki, akahesabu hatua kwa sauti, akasimamisha jiwe jeupe akasema, "Jikoni." Majirani wakakubali bila karatasi. Namuunga mkono ndugu kwamba swali la ardhi tupu linahitaji Mkongo wa kuliandika. Ila ni memwari nyingine, na labda ni yako, Ruzizi.

Kuhusu kabini, mimi natofautiana na Yaya. Usiiingize. Majirani wako hawakuketi chini ya mwembe ili wawe data ya masta. Kaye ina majina na madeni ya watu.

Yaya_Kasapa

Mama wa Goma ana haki juu ya majina, na ningepaswa kulisema mwanzoni. Sishauri kabini iwe sehemu ya ulinganisho. Mwalimu alikuwa katibu, alishika biro. Hawezi kuwa shahidi na mtafiti wa jambo moja. Lakini ukurasa mmoja wa utangulizi, bila jina, bila avenyu, unaoeleza swali limetoka wapi, hilo naona ni uaminifu. Msomaji ana haki ya kujua kwa nini mwalimu wa Katuba anauliza Croydon swali hili na haulizi lingine.

Na kuhusu jopo: mwalimu, wewe unafundisha. Kabla elimu ya msingi haijatangazwa bure mwaka 2019, mwalimu wa shule ya Leta alikula kwa michango ya nani? Wazazi. Kwa miaka mingi. Sisi tuliishi ndani ya jambo ambalo wenzetu kule walilipendekeza kwa hoja mkutanoni: Leta ikiondoa mkono wake, wazazi wakakaa, wakapanga, wakalipa, na mtoto wa asiyelipa akarudishwa nyumbani. Hatukulichagua. Wao wanataka kulichagua. Tofauti hiyo kati ya Leta iliyokosekana na Leta iliyokataliwa ndiyo jibu lako, na hakuna mtu kwenye jopo atakayekuambia haihusu Kongo. Wengi wao wamelipa michango hiyo.

Kwa nadharia usibebe vitabu ishirini. Mchukue Hirschman, mwanauchumi, wazo lake la 1970: mtu asiyeridhika ama anaondoka, ama anapaza sauti. Mradi wa New Hampshire unachanganya yote mawili, maana watu waliondoka makwao ili wakapaze sauti kwingine. Na wenyeji wa Croydon, ambao hawakuondoka popote, walipaza sauti kwa miguu yao, mwezi wa tano. Hilo linatosha sura moja nzima.

Ruzizi

Nimekubali, mama wa Goma. Nimelichukua hilo jiwe jeupe. Mwalimu, ukipata mahali hata mstari mmoja, sema kwamba jina "dola huru" limewahi kutumika kwetu na lilimaanisha nini. Mstari mmoja tu.

Mwalimu_Katuba

Ndugu Ruzizi, umepata tanbihi, na ni ndefu kuliko mstari.

Leo nimempelekea profesa karatasi moja tu. Kichwa: "Waliokuwepo na wasiokuwepo: uamuzi wa bajeti ya shule ya Croydon, New Hampshire, Machi hadi Mei 2022". Swali: kundi linaloamini kupatana kwa hiari linatumiaje sheria ya mkutano ambao wachache waliohudhuria wanawafunga wote, na wenyeji wanajibuje? Vyanzo: kumbukumbu za mikutano miwili, ripoti za mwaka za mji kuanzia 2018, kura za bunge za 2021 na 2022. Fikra za uhuru zimebaki sura moja. Liberland, Próspera na Minerva zimebaki kurasa tatu za mwanzo, za kueleza kwa nini siziandiki, na hizo kurasa tatu ziliniuma kuzifupisha kuliko zote. Alisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, akasema, "Hapa naona jembe," akatia sahihi.

Juu ya kabini, nilifuata maneno ya Mama wa Goma. Kabla ya kuandika ule ukurasa nilikwenda kwa mama wa makala, jioni, alikuwa anafunga magunia. Nikamweleza: sitaandika jina, sitaandika avenyu, nitaandika alichosema chini ya mwembe, na akikataa nitaacha. Alinyamaza mpaka akamaliza fundo. Kisha akauliza kama kaye ninayo. Nilikuwa nayo mkobani. Akataka aone mahali pake, na kwa kuwa hasomi sana nikamwekea kidole kwenye ile K. Akaitazama.

"Andika," akasema. "Lakini uandike pia kwamba nimemaliza kulipa."

Ni kweli, alimaliza mwezi wa nane. Kwenye kaye sikuwa nimeandika. Nimeandika palepale, kwa biro nyekundu, maana ndiyo niliyokuwa nayo, na tarehe pembeni. Kwenye ukurasa wa utangulizi pia ipo.

Mama wa Goma, kama unayo ile barua uliyowahi kumwandikia karani, naomba unitumie leo kabla ya saa mbili usiku. Zamu yetu ya umeme inaishia hapo.